Sare Mia Nne Ambazo Hazikushonwa

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hata hujafungua bahasha. Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika, nao umezoea kulalamika tangu nianze kuinamia cherehani nikiwa na miaka kumi na minne. Mwambie Mama gauni lake la bluu liko tayari. Nimeliongeza kiunoni, na asianze kubisha kwamba hajanenepa, futi haina upendeleo. Wifi yangu hajambo? Na wanangu? Yule mdogo ameshaacha kunyonya kidole?

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisoma gazetini.

Unajua karakana yetu ndiyo inayoshona sare za polisi wa serikali hii ya wageni. Nimezishona miaka ishirini bila kuuliza. Mwezi uliopita polisi waliwapiga risasi wapakiaji mizigo pale stesheni. Walikuwa wameketi chini wanadai uhuru, hawana hata fimbo. Wakafa wanne. Wiki iliyofuata likaja gari na majora ya kaki, tushone sare mia nne za askari wapya, na pamoja nayo gunia la sare za kurekebisha. Nikatoa shati moja. Mkono wake una damu iliyokauka mpaka kwenye kiwiko, na shati lenyewe halina tundu popote. Haikuwa damu ya mwenye shati.

Nikaliweka chini. Nikamwambia msimamizi, "Mimi hii sishoni."

Akacheka. "Ipi?"

"Zote."

Mrefu, yule mkataji rafiki yangu aliyekuwa akikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, akaweka mkasi juu ya meza. Halafu meza ya vifungo, halafu meza ya mapindo. Cherehani sitini zikanyamaza. Nilikuwa sijui kwamba chumba kile kina saa ya ukutani inayopiga kelele.

Tangu siku hiyo tunakuja kazini kila asubuhi, tunaketi mbele ya kaki, hatuigusi. Sasa watu wananiita kiongozi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa tu wa kwanza kuchoka.

Sikuombi kitu. Mwambie Mama taratibu, akiwa ameshakula.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Niwie radhi napiga barua hii, kama zote, kwa mashine ya ofisini wakati wa chai. Mwandiko wangu unaujua, Mama husema kuku wana mwandiko mzuri zaidi. Hata hii mashine nayo bado ni mgonjwa, herufi yake ya "a" inaruka juu ya mstari kama unavyoona, na fundi ameshakuja mara mbili akashindwa. Wifi yako hajambo. Mtoto ameacha kidole, sasa ananyonya ukosi wa shati. Gauni limefika, Mama amelivaa siku tatu mfululizo huku akisema linabana.

Nilimwambia akiwa ameshakula, kama ulivyotaka. Aliendelea kupangua nyuzi kwenye kikapu chake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo alizaliwa miguu mbele, na mkunga alimsukuma, akagoma." Basi. Hajaongeza neno.

Lakini mimi nina neno, Dada. Nafanya kazi kwa mkuu wa jimbo. Karatasi zinapita mikononi mwangu, na siwezi kukuandikia zinasema nini. Jana mkuu aliniuliza kama nina ndugu katika mji huo. Nikajibu ninao wengi. Akaniangalia, akarudi kwenye faili lake.

Uliacha shule ili mimi nibaki shuleni. Sijasahau hata siku moja. Kazi niliyoipata kwa jasho lako ndiyo inayotuweka wote chini ya paa. Nakusihi, waachie wengine waendelee. Umeshaonyesha msimamo wako. Mtu mzima akishaonyesha msimamo anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi habari za ukosi wa shati, huyo atakuwa fundi nguo. Mwambie Mama gauni halibani, ni yeye anavuta pumzi makusudi. Miguu yangu imevimba kidogo kwa kuketi bila kazi. Sikujua kuketi kunachosha hivi.

Hatuko peke yetu tena. Wafuaji wa kambi ya polisi wamekataa kufua sare. Karakana mbili za upande wa pili wa reli nazo zimegoma. Wapakiaji wa stesheni hawashushi majora ya kaki, yanakaa ndani ya behewa mpaka behewa linarudi lilikotoka. Ofisa mmoja ameonekana mtaani na suruali iliyotoboka magotini, na nimewakataza watu wasimcheke. Walicheka.

Kila alasiri tunafanya mazoezi ndani ya karakana. Nusu tunaketi sakafuni, nusu wanakuwa polisi. Wanatusukuma, wanatutukana, wanatuvuta nywele. Anayerudisha mkono anakwenda nyumbani siku hiyo, arudi kesho. Mrefu alipewa ufagio awe sajini, akawa ananigusa mabegani kama anapangusa vumbi. Nikamwambia apige kweli. Siku ya tatu alipiga kweli mpaka nikaona nyota, halafu akalia kuliko mimi niliyepigwa.

Mume wa Mrefu, fundi baiskeli, alikuja kutuangalia, akaegemea mlangoni. "Kumbe mnajifunza kupigwa," akasema. "Hilo nalo linahitaji darasa?"

Nikamjibu, "Kupigwa hakuhitaji darasa, shemeji. Kutorudisha ndiko kunakohitaji."

Hakuridhika. Wengi hawaridhiki. Wananiuliza kwa nini tusichome kambi, na wananiuliza kwa heshima, jambo ambalo ni gumu zaidi kulijibu. Nawaambia hawa watu wanajua kupambana na moto, wana magari ya kuzima moto na wana risasi. Hawajui la kufanya na mtu aliyeketi.

Tarehe 10 Juni tutakwenda mpaka mbele ya nyumba ya gavana, tuketi barabarani, mpaka wenzetu waliokamatwa kwa kugoma waachiwe na tupewe tarehe ya uhuru. Wewe umesema unaona karatasi. Sikuulizi umeona nini. Nimekueleza yangu tu, kwa sababu sina ninachokificha.

Dada yako

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu tarehe 10 na sijapata jibu hata la mstari mmoja. Naandika kwa mkono. Mashine siwezi kuigusa ila kwa kazi, na kazi yenyewe naifanya kwa taabu.

Redio ilisema kumetokea "vurugu", watu saba wamefariki, viongozi wameshikiliwa. Haikutaja majina. Mama ameweka kiti mbele ya redio na hataki mtu aiguse. Wifi yako anamlisha pale pale. Watoto wanatembea kwa ncha za vidole, hakuna aliyewaambia.

Kuna kitu nataka kukuambia na kila nikianza kalamu inakwama. Nitakuambia siku nyingine. Kwanza nijue uko hai. Andika neno moja tu, lolote, hata tusi.

Mdogo wako

15 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko hai. Usishangae mwandiko, ni wa mwenzangu wa selo, mwalimu wa hesabu aliyefungwa kwa kuwafundisha watoto kugawanya ardhi yetu kwa idadi ya wageni. Ana mwandiko mzuri na mimi nimekuwa mvivu wa kushika kalamu.

Mwambie Mama nakula. Chakula si kizuri, lakini nakula. Mwambie redio azime, inamharibia masikio.

Hapa tuko wanawake arobaini. Tulikuwa hatupewi sabuni. Asubuhi moja tuliamua hatutoki uani kurudi ndani mpaka sabuni ije. Tuliketi kwenye jua kwa muda wa saa saba. Ikaja vipande kumi, nusu ya tulichotaka, kesho yake tukaketi tena ikaja iliyobaki. Bwana jela ana cherehani tatu, alinitaka niwafundishe wafungwa kushona. Nimekataa, na safari hii si kwa ajili ya siasa.

Kila Ijumaa analeta karatasi. Inasema kwamba naacha mambo ya uhuru na nawaomba watu warudi kazini. Nikitia sahihi, natoka siku hiyohiyo. Nilimwambia sina kalamu. Akanipa yake. Nikaiangalia pande zote, nikamwambia ni kalamu nzuri, aitunze.

Wabusu watoto. Usije huku. Nakujua unafikiria kuja.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Barua hii haipiti kwa bwana jela. Muuguzi anayekuja kuwatibu Jumatano ataileta, na mwalimu wako ataisoma kimya kimya kama huwezi kuishika.

Nilikuja. Nilipanda treni Alhamisi, nikasimama langoni kwenu saa nne nzima, wakanifukuza. Uliniandikia kurasa mbili bila kumtaja Mrefu hata mara moja, wewe ambaye huwezi kumaliza sentensi tatu bila yeye. Nikajua. Nikaenda dukani kwa mumewe.

Fundi alinieleza akiwa ameshika gurudumu, hakuliachia mpaka alipomaliza. Kwamba mlikuwa mmeshika bango wewe na mkewe, yeye ncha moja wewe ncha nyingine. Kwamba ofisa alikuonyesha hati, ukaisoma, ukarudi ukawaambia watu, "Tukae. Mtu asikimbie." Kwamba Mrefu alikaa akiwa anatengeneza sketi yake isichafuke, na risasi ya kwanza ikawa yake. Kwamba ulimziba jeraha kwa mkono wa kulia, na sajini akakuamuru uinuke, hukuinuka, akaupiga mkono huo kwa kitako cha bunduki mpaka ukaachia. Mkono unaoshonea, Dada. Na wewe unaniandikia habari za uvivu.

Sasa sikia langu. Hati ile niliipiga mimi. Tarehe 8 Juni, saa tatu asubuhi, nakala tatu. Watu watawanywe kwa nguvu, wewe ushikwe. Simu ilikuwa mezani kwangu. Ningeweza kuinyanyua. Nilimaliza, nikasahihisha, nikapeleka kwa mkuu, nikaenda kunywa chai.

Nataka kulipa. Ufunguo wa ghala la bunduki la polisi una pacha wake, uko kwenye droo ya chumba cha pili kutoka kwangu. Fundi ana wanaume kumi na mmoja. Tunangoja neno lako, maana bila neno lako watu hawatatufuata baadaye. Andika ndiyo. Sihitaji zaidi ya hapo.

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nitakuwa mfupi.

Hapana.

Kuhusu hati, nilijua. Ofisa aliponinyooshea karatasi niliona "a" zote zinaruka juu ya mstari. Nina barua zako za miaka sita zilizopigwa kwa mashine hiyo. Nilikaa chini nikijua ni nani ameandika. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Nimengoja miezi mitatu na umesema, kwa hiyo kati yetu limekwisha. Ndani yako halijaisha, na hapo siwezi kukusaidia.

Mrefu nilimwambia akae, na alikaa. Aliniamini niliposema aliyeketi ana nguvu kuliko anayempiga. Mkienda kuua kwa jina lake mtakuwa mnatangaza kwamba nilimdanganya. Simruhusu mtu kutangaza hivyo, hata mumewe, hata wewe.

Ufunguo uache ulipo.

Ukitaka kufanya kitu, fikiri. Yule sajini asingeinua bunduki bila karatasi. Hakuna anayekamatwa, hakuna kodi inayodaiwa, hakuna gari linalotoka bila karatasi, na wao hawapigi chapa wenyewe. Mimi nilikuwa na kaki mbele yangu. Wewe una nini mbele yako?

Usinijibu kwa maneno.

Dada yako

20 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu uliniambia nisijibu kwa maneno, na vitendo vinachukua muda. Mama hajambo. Wifi yako hajambo. Anwani mpya utaiona nyuma ya bahasha.

Nilianza na fundi. Nilimwambia mbele ya duka lake kwamba umekataa, nikamsomea barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada yako ana moyo wa chuma." Haikuwa sifa. Tangu siku hiyo hajaitikia salamu yangu. Lakini wale kumi na mmoja hawakwenda popote.

Nilikaa wiki mbili nyingine nikipiga chapa kama kawaida. Nakuambia ukweli, niliogopa. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba mkuu akanipa orodha ya watu thelathini wa kukamatwa. Niliingiza karatasi, nikanyoosha kaboni, halafu nikaweka mikono mapajani.

Baada ya nusu saa akatoka. "Kuna nini?"

"Sipigi, bwana."

"Mashine imeharibika tena?"

"Mashine nzima, bwana."

Alinielewa polepole, nikaona uso wake unabadilika. Akampelekea karani mwenzangu, yule mzee mwenye miwani ambaye miaka yote hajawahi kuchelewa hata dakika. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaiweka kwenye kasha lake, akafunga kasha. "Bila miwani sioni, bwana," akasema. Nilikaribia kucheka.

Walinifunga siku tisa. Nilipotoka nikakuta idara ya ardhi imesimama, posta ya simu za maandishi imesimama, wakalimani wa mahakama wameketi barazani wakiwa na tai shingoni, na kesi hazisikilizwi kwa sababu hakimu haelewi mtu yeyote naye haeleweki. Sasa majimbo matano hayana karani. Mkuu wangu anaandika amri kwa mkono wake, na askari wanazirudisha wakisema hazisomeki. Mama amefurahi sana kusikia kuna mwandiko mbaya kuliko wangu.

Nyumba ya serikali walitutoa. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, watu sita, Mama katikati akitoa amri nani ageukie wapi. Juzi wifi yako alinikuta nimesimama mlangoni asubuhi bila kutoka. Akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia nangoja woga upungue. "Ukisubiri hivyo utachelewa mkutano wa makarani," akasema, akanipa kofia yangu.

Hujaniambia vidole vya mkono ule vimeponaje. Nauliza sasa wazi.

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa wote sita wa chumba kimoja, na kwa kinyozi anayewavumilia. Ninakaa kwa mwalimu wa hesabu, naye ameachiwa. Anakoroma kwa vipimo sawa kabisa, mtu anaweza kumtumia kama saa.

Nijibu swali lako. Vidole vitatu havikunji. Siwezi kutunga uzi kwenye sindano, na kushona kumekwisha. Nilikuwa sitaki kuandika hivyo kwa sababu nikishaandika ni kweli. Sasa nimeandika.

Walitutoa jela mwezi wa pili kwa sababu walihitaji mtu wa kuzungumza naye. Mezani walikuwa saba na sisi watano. Mwanzoni walitaka miaka kumi ya kutuandaa. Nikawauliza miezi hii sita nani ameendesha maji, treni na hospitali, maana wao walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaandikia barua. Wakashuka mpaka miaka mitano, siku ya nne mitatu. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba watu wangu watachoka. Nikamwambia watu wangu wanajua kuketi. Siku ya kumi na moja tukapata tarehe. Ni tarehe 1 Novemba mwaka huu, imetiwa sahihi. Nilitia yangu kwa mkono wa kushoto na inaonekana kama ya mtoto, lakini ni halali.

Baraza la muda limenichagua kuwa mwenyekiti. Tuna sheria nzima za nchi za kuandika upya na hatuna mpiga chapa hata mmoja. Njoo na yule mzee wa miwani. Mama atabisha, kisha atakuwa wa kwanza kupanda treni.

Kuna jambo nililikwepa tangu nitoke. Jumamosi nimelikabili.

Nilikwenda dukani kwa fundi. Alikuwa anaziba pancha. Aliniona, akaendelea kuutumbukiza mpira kwenye karai la maji akitafuta mapovu. Nilisimama. Mteja akaja, akanitambua, akataka kunishika mkono. Fundi akamwambia, "Baiskeli yako kesho," mteja akaondoka. Tukabaki wawili.

"Ulimwambia akae," akasema.

"Nilimwambia."

"Ulishaisoma ile hati. Ulijua watapiga."

"Nilijua wanaweza. Ndiyo."

"Mimi ningemwambia akimbie."

"Najua, shemeji."

Akautoa mpira majini, akaukausha kwa kitambaa, taratibu, mzima wote. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Siku ile ikirudi, watu wale wale, hati ile ile. Ungemwambia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa swali hilo sikujiandaa. Ningeweza kumpa jibu la kumpoza, na nadhani angenishukuru, na asingeniamini tena maishani mwake.

"Ningemwambia akae," nikasema. "Na mimi ningeshika ncha ya bango aliyoishika yeye."

Alikata kiraka, akapaka gundi, akakibana kwa kidole gumba na kuhesabu kwa midomo. Nilifikiri ndio mwisho, nikageuka kuondoka.

"Novemba mtaingia ofisini," akasema nyuma yangu. "Kila mwezi, siku ya kwanza, nitakuja. Nitakaa kwenye kiti mbele yako, nikuulize mmefanya nini mwezi huo. Sitaki hotuba. Nataka unionyeshe. Na siku ambayo hamtakuwa na cha kunionyesha, sitaondoka."

Nikamwambia kiti kitakuwepo.

"Na askari wako wasinizuie mlangoni."

"Hawatakuzuia."

Akatikisa kichwa mara moja, akavuta baiskeli nyingine.

Nimeshawapa wajumbe wa baraza taarifa, wengine wamenuna, wanasema si utaratibu. Nimewaambia ndio utaratibu wa kwanza tulionao. Utaukuta mezani kwako ukifika, uupige chapa kabla ya sheria yoyote.

Dada yako